Mgeni Katika Mitaa ya Dar es Salaam

Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika



Habari za miaka mia moja ya usharika wa mlimani kwa kawaida huanza na wamisionari waliofika wakiwa wageni, wasiojua njia wala lugha, wakaongozwa na wenyeji kutoka kijito kimoja hadi kingine. Habari hiyo imeelezwa kwa kirefu katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Hotuba hii inahusu safari iliyokwenda kinyume chake, yaani safari ya wana na binti wa usharika walioshuka mlimani wakawa wageni Dar es Salaam. Majina yao yamo katika daftari la washarika. Lakini mahali pa kuandika makazi, kwa wengi wao, pameandikwa neno moja tu, "Dar", kana kwamba Dar ni kijiji chenye njia moja na kisima kimoja. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta mji ule una watu wapatao 270,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu 5,383,728. Msharika aliyeandikwa "Dar" katika umati wa namna hiyo hajaandikwa popote.

Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro hapotei kwa urahisi. Upande wa juu ni Kibo, upande wa chini ni tambarare, na hata usiku wa ukungu miguu yenyewe humwambia kama anapanda au anashuka. Mpaka wa kihamba huonyeshwa na masale yaliyopandwa na mababu. Mifereji mingi inajulikana kwa koo zilizoichimba. Mtoto akitumwa nyumba ya mbali hutajiwa ukoo, kisha huachwa aende.

Anaposhuka kwenye basi jijini, dira hiyo humwishia. Kwa miaka mingi lango la mgeni wa kutoka kaskazini lilikuwa Ubungo. Tangu mwaka 2021 ni Mbezi Luis, mbali zaidi upande wa magharibi, na kwa hiyo mgeni wa leo huanza kuliona jiji kutoka pembeni yake. Ndugu aliyekuja kumpokea humpandisha daladala na kumfundisha mambo mawili: asome jina lililo mbele ya gari na aangalie mkanda wa rangi ubavuni, maana rangi huonyesha njia. Basi mgeni hujifunza kituo cha kupandia na kituo cha kushukia. Miezi hupita, hata miaka, naye analijua jiji kama mtu ajuavyo kamba gizani: anayagusa mafundo, na kilicho kati ya fundo na fundo hakijui. Wako walioishi Kimara miaka kumi wasijue njia ya miguu itokayo nyuma ya nyumba zao inaishia wapi.

Sasa ifahamike kwamba mitaa ya Dar es Salaam haikujipanga yenyewe. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga mji katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaweka sheria za ujenzi zilizotenga maeneo kwa aina ya nyumba. Waingereza wakaendeleza utaratibu huo, na mji ukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila kimoja mahali pake. Uwanja wa Mnazi Mmoja, unaopendwa leo kwa mikutano na mapumziko, uliachwa wazi ili kuwatenga watu wa Kariakoo na watu wa Uhindini. Anayeuvuka kwa miguu hana sababu ya kulijua hilo, lakini akilijua ataelewa kwa nini mtaa mmoja hukoma ghafula na mwingine kuanza ng'ambo.

Ilala, Magomeni na Temeke zilipimwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya Waafrika. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, palifuata mpango wa viwanja uliosaidiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ndiyo asili ya mistari ya viwanja vya Sinza na Kijitonyama. Katika mpango uo huo Manzese, iliyokwisha kujaa nyumba bila kupimwa, iliongezewa barabara na maji. Mgeni mwenye macho anaweza kuyasoma haya bila kitabu. Penye barabara zilizonyooka, barabara ilitangulia nyumba. Penye vichochoro vinavyozunguka pembe za kuta, nyumba zilitangulia, na njia ikapita pale palipobaki. Maelfu kwa maelfu ya watu waliotoka mikoani hupangisha chumba chao cha kwanza katika mitaa ya aina hii ya pili, katika nyumba yenye korido katikati, vyumba pande mbili, uwanja nyuma na baraza mbele. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, mwenye nyumba hudai miezi kadhaa mbele, na mgeni hupewa ufunguo. Hakuna anayempa maelezo mengine yoyote.

Maelezo yamo katika majina, kama yatasikilizwa. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa wapagazi hao hawakurudi makwao, na jina lao limebaki kuwa jina la soko. Mikocheni ni mahali pa mikoche. Tabata Dampo palikuwa na jaa la taka la jiji. Wakazi walichoshwa na moshi wake, wakalipeleka shauri mahakamani mwishoni mwa miaka ya 1980, jaa likahamishwa, jina likabaki pale pale. Mtaa mwingine huitwa kwa jina la mtu, kama Tandale kwa Mtogole, na jina hilo huwaongoza hata wasiojua Mtogole alikuwa nani.

Kisha kuna Jangwani. Mgeni akilisikia jina hili hudhani ni mzaha, maana pana majani mabichi mwaka mzima. Lakini hapo ndipo Mto Msimbazi, unaotoka katika vilima vya Pugu na kuingia baharini penye Daraja la Salenda, hutandaza mchanga wake kila mvua kubwa inaponyesha. Mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga huhubiriwa mlimani kama fumbo la imani. Bondeni mwa Msimbazi ni habari ya msimu. Hata wataalamu hawakulisikiliza jina: karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa hapo hapo Jangwani, na zaidi ya mara moja mabasi yamekutwa yamesimama katikati ya maji.

Kuna kijana mmoja wa mlimani ambaye hakulisikiliza jina la bonde lake. Jina lake halina haja ya kutajwa. Alifika Dar es Salaam akiwa na cheti cha ufundi, akapanga chumba, akafungua duka dogo, akaoa, na baada ya miaka michache akaamua kununua kiwanja. Aliyemwonyesha alimpeleka mwezi wa Agosti, saa za alasiri, jua likiwa kali na upepo ukitoka baharini. Palikuwa tambarare, karibu na barabara, na bei yake ilikuwa chini kuliko viwanja vyote alivyokwisha kuviona. Kijana aliona matete na udongo mweusi, na moyo wa mtoto wa kihamba ukamdanganya: akawaza migomba. Aliuliza bei, akauliza kama mwenyekiti wa mtaa atashuhudia mauziano, akauliza umeme. Habari za maji hakuuliza.

Dalili zote zilikuwa mbele ya macho yake. Nyumba za jirani zilikuwa na vizingiti virefu hata mtoto alilazimika kupanda ili aingie ndani. Penye milango palipangwa viroba vilivyojazwa mchanga. Kuta zilikuwa na mstari wa rangi ya udongo, usawa wa kiuno, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Pembeni mwa njia alikuwapo mama mmoja aliyekaanga vitumbua kila asubuhi kwa miaka mingi, naye angeweza kumweleza mwaka kwa mwaka maji yalifika wapi. Kijana alinunua vitumbua, akashukuru, akaondoka. Jambo la kusikitisha ni kwamba mlimani asingekosea. Hakuna mwana wa mlimani anayejenga katika njia ya mfereji hata kama mfereji umekauka, kwa sababu anajua maji hayasahau njia. Ujuzi huo aliuacha Ubungo alipotelemka na sanduku lake, akidhani kwamba mambo ya kijijini hayana kazi mjini.

Alijenga vyumba viwili, akahamia. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua za vuli zilinyesha Dar es Salaam kwa siku chache kwa nguvu isiyokuwa imeonekana kwa miongo mingi. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Usiku ule maji yalipoingia, kijana na mkewe walikuwa wamelala. Kilichowaamsha ni mtu aliyegonga dirisha kwa ubao na kupiga kelele: "Mangi! Mangi! Toka na mtoto!"

Wapendwa wa mlimani wanajua mangi alikuwa nani katika historia yao. Dar es Salaam kila Mchaga mwenye duka huitwa Mangi, na huyo jirani, mzee wa Kizaramo ambaye nyumba yake ilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, hakuwa na jina jingine la kumwita. Walikuwa wamesalimiana kwa mwaka mzima bila kuulizana majina. Mzee aliwatoa kwa njia ambayo kijana hakuijua, nyuma ya choo cha jirani, wakapita kwenye ukuta uliobomoka hadi penye mwinuko mdogo chini ya mwembe. Mwinuko huo kijana alikuwa akiupita kila siku, na hakuwahi kutambua kwamba ni mwinuko. Kuta mbili za nyumba yake zilianguka kabla ya mapambazuko.

Sasa yako mambo yaliyobadilika. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nguzo zenye majina ya barabara zikasimamishwa na vibao vya namba vikabandikwa milangoni. Katika Bonde la Msimbazi umeanza mradi mkubwa, nao kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na wakazi wengi wamelipwa fidia waondoke. Ramani zimo ndani ya simu. Yote haya ni mema. Lakini namba ya nyumba haisemi maji hupita wapi. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliochora maeneo ya mafuriko katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, iliwabidi watembee kwa miguu kata kwa kata na kuwauliza wenyeji, kwa kuwa urefu wa maji ya mwaka fulani ulihifadhiwa katika kumbukumbu za watu na si mahali pengine.

Ipo pia shida ya upande wa pili, nayo ni ya kutojulikana. Mgeni huombwa barua ya serikali ya mtaa anapotaka kitambulisho, anapofungua akaunti benki, anapomwekea ndugu dhamana. Siku hiyo ndipo humtafuta mjumbe ambaye hajapata kumwamkia. Wana wa mlimani wanavyo vyama vyao vya wenyeji wa nyumbani, na watavuka jiji zima Jumapili mchana kuhudhuria kikao, na wakifiwa watachanga mpaka mwili ufike kihambani. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo mwenyekiti wa chama akaaye Tegeta hawezi kumgongea dirisha usiku mtu akaaye Kigogo. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji ule, ingawa haukuwa wao. Kuna washarika ambao barua zao za uhamisho, zilizotiwa muhuri katika ofisi ya usharika huu, bado zimekunjwa ndani ya masanduku yao, kwa kuwa mioyoni mwao hawajahama, na kila Desemba hurudi nyumbani kana kwamba miezi kumi na mmoja iliyopita ilikuwa ya kungojea tu.

Yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, hakurudi bondeni. Alipanga tena chumba kwa miaka kadhaa, kisha akajenga Kibamba, palipoinuka. Barua yake ya uhamisho aliipeleka, na jumuiya hukutana kwake. Mzee wa Kizaramo alipofariki, alikesha matanga siku zote tatu, na watoto wa marehemu walimtambulisha kwa watu kwa jina lake la ubatizo.

Vijana wanaotoka mlimani humwendea wakitaka awasindikize kutazama viwanja. Huwakubalia, ila huwauliza kwanza wanataka kwenda mwezi gani. Wakisema Agosti, huwaambia wakae na fedha yao hadi Aprili, waje na mabuti.