MALI YA UTAFITI NAYO IHESABIWE

Hotuba ya Katibu wa Chama kwa wananchi wa Kenyamonta



Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye ng'ombe hafungi zizi jioni kabla ya kuwahesabu. Basi leo nauliza: fedha ambazo makampuni na vyama vya ushirika hutumia kutafuta maarifa mapya, nani anazihesabu?

Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato lake katika utafiti. Ahadi hiyo haipimwi bila hesabu. Fedha za Serikali tutazikuta katika bajeti. Za makampuni zimo katika madaftari yao, wala hazijulikani mpaka wenyewe waulizwe, nao wajibu kweli.

Kanuni ya kuhesabu ipo tangu 1963, wataalamu walipokutana Frascati, Italia. Utafiti ni kutafuta jambo ambalo bado halijajulikana. Kununua mashine mpya si utafiti. Kuchimba mashimo kutafuta dhahabu Nyamongo si utafiti. Lakini kubuni njia mpya ya kuitafuta, huo ni utafiti. Kisha huulizwa mambo mawili: nani amefanya kazi, na nani amelipa?

Swali la pili ndilo letu. Tazameni jirani zetu wa Tarime. Kituo cha Sirari ni cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi 2001. Taasisi hiyo imetoa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na sehemu ya gharama zake imetoka katika makato ya mauzo ya kahawa. Hilo ni jasho la mkulima! Likiandikwa kuwa ni msaada wa wengine, mkulima atanyimwa sauti ya kusema ni nini kitafitiwe.

Kwa hiyo, mwenye mashine ya kusaga, muuza mbegu, kiongozi wa ushirika: akija karani wa takwimu, msimkimbie. Yeye si mtoza kodi, na Sheria ya Takwimu ya 2015 inamkataza kutoa siri za mtu. Semeni kweli, msipunguze wala msiongeze. Asiyetumia kitu aseme "sina". Sifuri ya kweli ni bora kuliko elfu ya uongo.

Taifa lisilojua hesabu yake litapangiwa na wengine.

Uhuru na Kazi!