Jina Lililoandikwa katika Hati ya Lori



Nimeombwa niseme machache juu ya kuandikisha malori ya biashara na kuyapatia ruhusa ya kufanya kazi barabarani katika nchi hii ya Kenya. Najua wengi wenu huyaona makaratasi haya kuwa ni njia ya kutoza fedha tu. Siwalaumu. Mwaka 1937, Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya leseni za uchukuzi, jambo kubwa lililokuwa moyoni mwake lilikuwa kuilinda reli isinyang'anywe mizigo na malori. Bodi ya leseni iliendelea hata baada ya Uhuru, mpaka kazi yake ikatiwa mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, nayo hujulikana kwa herufi NTSA. Lakini kabla ya leseni kuna jina, na huko ndiko watu wengi wanakopotelea.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yasema kwamba mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Yasikieni vema maneno hayo. Haikusema aliyelipa fedha, wala haikusema aliyeshika funguo.

Tuchukue mfano. Mtu wa Kitale auza lori lake kuukuu kwa mchuuzi wa mahindi. Fedha zimehesabiwa, wamepeana mikono, dalali amekula chake, na logbuku imetiwa mfukoni mwa mnunuzi bila jina kubadilishwa, maana asema atakwenda kulibadilisha mavuno yakiisha. Miezi minane yapita. Usiku mmoja breki za lori zakatika mteremkoni, na mtu auawa. Je, madai ya fidia yatabisha hodi kwa nani? Kwa yule wa Kitale, ambaye amekwisha kulisahau lori lile. Naam, atapewa nafasi ya kuonyesha mahakamani kwamba aliliuza, lakini ni juu yake kuonyesha, na kama hana hata barua ya mauzo yenye sahihi na tarehe, atapata taabu kubwa.

Wala mnunuzi asidhani kuwa yeye yu salama. Muuzaji akifariki, watoto wake wakaliona jina la baba yao katika hati, watalidai lori, naye atabaki kutafuta mashahidi. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu wanaochanga fedha za kahawa, wakanunua lori moja, kisha wakaliandikisha kwa jina la mkubwa wao kwa heshima. Heshima ni jambo jema, lakini ni heri waunde kampuni, lori liwe la kampuni.

Sheria hiyo hiyo yakataza gari lililouzwa litumiwe barabarani zaidi ya siku 14 kama mnunuzi hajaandikishwa. Siku hizi maombi hupelekwa kwa mtandao wa serikali uitwao eCitizen: muuzaji huanza, mnunuzi hukubali. Asiyezijua mashine hizo na amwite mwanawe aliyesoma, bali asimpe dalali neno lake la siri. Tena msisahau trela. Trela huandikishwa peke yake, na nambari yake huanza kwa herufi Z. Mtu aweza kununua kichwa kwa haki yote na huku trela anayoivuta ikawa bado ni mali ya mwingine katika vitabu.

Jina likiwa sawa, mengine hufuata bila shida kubwa. Lori hupelekwa kukaguliwa, kisha lile ambalo uzito wake likiwa tupu umepita kilo 3,048 huombewa leseni ya kazi ya barabarani. Sharti liwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kwa Sura ya 405. Na dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, hata kama tajiri wake ana haraka ya kufika Malaba.

Liko jambo la mizani, ambalo najua limewaudhi wengi pale Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, lori na mzigo wake havitapita tani 56, na hizo ni kwa lenye ekseli 7. Ekseli moja yenye matairi manne isipite tani 10. Mbona wapime ekseli, na jumla ya mzigo ni sawa? Kwa sababu barabara huumizwa na ekseli. Wahandisi wamepima wakaona kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara 2, madhara kwa lami huongezeka kadiri ya mara 16. Basi magunia yaliyorundikwa nyuma yote yaweza kukuzuia mizanini, hali jumla haikupita kiasi. Mwambieni taniboi ayapange upya kabla ya kuondoka ghalani.

Nimemaliza. Wenye maswali juu ya magari ya marehemu wasogee mbele kwanza, maana hayo huchukua muda mrefu, tena tafadhali leteni hati zenyewe.