TUTAFUTANE: KIKUNDI CHA KUACHA POMBE NA NAMNA YA KUKIFIKIA

(Hotuba ya mjumbe wa afya wa Kamati ya Jamii, Kuluba, katika Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya pombe. Sikusimama hapa kumhukumu mtu. Tangu vita vya Julai 2016 viliposambaa hadi Yei, watu wengi wamevuka mpaka na kupokelewa hapa Kuluba. Mtu aliyeacha shamba, ng'ombe na makaburi ya wazee wake, akashinda mchana kutwa bila kazi, huona kikombe cha lira-lira kuwa dawa ya usingizi. Lakini dawa hiyo inapouzwa kwa posho ya watoto, nyumba nzima inaumwa.

Wako wanaosema tuvunje mitungi ya akina mama wanaopika. Mimi sikubali. Mama anayepika kwete ananunua sabuni na madaftari kwa fedha hiyo, na hajaonyeshwa kazi nyingine. Sheria nayo ina mpaka wake. Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko, lakini lira-lira hupimwa kwa kikombe kutoka kwenye jerikeni. Kwa hiyo lazima tumfikie mnywaji mwenyewe.

Niwaeleze njia moja iliyosaidia watu wengi. Mwezi Mei 1935 mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, alikuwa mgeni katika mji wa Akron, Marekani. Biashara yake ilikuwa imeharibika, naye alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Kiu ilipomshika hotelini, alipiga simu kwa watu wa kanisa akiomba wamkutanishe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Wakamfikisha kwa daktari mmoja, Bob Smith. Daktari alikubali kukaa naye dakika 15. Walikaa saa zaidi ya tano. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Leo vikundi vyake viko katika nchi nyingi, hata Kampala.

Kampala ni zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Basi tufanyeje?

Kwanza, uliza. Nenda kituo cha afya, au mwone mhudumu wa afya wa kijiji, mchungaji, imamu, au mwenyekiti wa wakimbizi wa mtaa wako. Sema tu: "Natafuta watu wanaoacha pombe." Huna haja ya kueleza zaidi.

Pili, kama hakuna kikundi, watu wawili wanatosha. Chagueni mti, siku moja ya juma na saa moja. Mmoja aseme, wengine wanyamaze; kisha mwingine. Ada haipo, na sharti ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Ukija umelewa, keti usikilize. Ukianguka juma hili, njoo juma lijalo.

Tatu, linda siri. Kuta zetu ni maturubai, na neno husafiri haraka kuliko boda. Linalosemwa chini ya mti libaki chini ya mti. Akina mama wanaokunywa wana aibu zaidi, nao wakitaka kukutana peke yao wapewe nafasi. Lugha iwe ile inayoeleweka na wote: Kikakwa, Kiarabu cha Juba, Kiswahili au Kilingala.

Nne, wengi hapa ni wapitaji. Ukihamishiwa Rhino Camp au Bidibidi, usingoje kualikwa. Tafuta mtu mmoja mwenye shida kama yako, muanze tena. Bill Wilson alianza vivyo hivyo akiwa mgeni.

Jambo la tano ni la hatari, tafadhali lishikeni. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka kifafa na kufa. Si mapepo wala kurogwa. Apelekwe kwanza kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya Koboko au Arua. Kikundi hakichukui nafasi ya mganga. Humpokea mtu akitoka kwa mganga.

Kwa watumishi wa mashirika nina ombi dogo. Msituletee karatasi ya kuandika majina ya waliohudhuria, wala msigawe sabuni kwa anayekuja. Jina likiandikwa, mwenye aibu hatarudi; sabuni ikigawiwa, atakuja asiye na shida. Tupeni mahali penye kivuli, tupeni mhudumu wa kumpima mgonjwa, na mkiwatafutia akina mama wapishi kazi nyingine mtakuwa mmetusaidia zaidi. Na ninyi wenyewe mkiwa na shida hiyo, mti ni wa wote.

Wake na waume wa wanywaji, nanyi mnaweza kukutana, hata kama mgonjwa wenu bado hataki. Mzigo wenu pia ni mzigo.

Ndugu zangu, tulivuka mpaka kwa kushikana mikono. Tuvuke na hili vivyo hivyo.