Ukweli Unapopotelea Mahakamani: Haki na Ushauri Nasaha kwa Waaborijini wa Australia



Usiku mmoja wa Mei 1994, jijini Brisbane, polisi 6 waliwachukua watoto 3 wa Kiaborijini, wa miaka 12, 13 na 14, wakaenda kuwatelekeza Pinkenba, eneo la viwanda lililo pembezoni mwa jiji. Watoto hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Walioshtakiwa ni polisi, kwa kuwanyima watoto uhuru. Mwaka uliofuata mawakili wa utetezi waliwaandama watoto hao kwa maswali, wakiwavuta wakubali kwamba walijua wangeweza kukataa kupanda magari. Wakaitikia. Hakimu akaona walikwenda kwa hiari, akafuta mashtaka.

Mwanaisimu Diana Eades ameichambua kesi hiyo kwa kina. Anaonyesha kwamba Waaborijini wengi, wakibanwa maswali na mwenye mamlaka, huitikia ndiyo hata wasipokubali, hata wasipoelewa, ili maswali yaishe. Ukimya wao nao huwa ni wa kutafakari, ilhali wakili asiyejua huuhesabu kuwa dalili ya uongo. Ndiyo maana nakataa kuiita huduma ya haki na ushauri nasaha inayozingatia utamaduni wa Waaborijini hisani. Pasipo huduma hiyo, mahakama haiujui ukweli, na isiyoujua ukweli itahukumu nini?

Njia ilikwisha kuonyeshwa mapema. Mwaka 1976, katika kesi ya Anunga, Jaji William Forster wa eneo la Northern Territory aliwawekea polisi miongozo: pawepo mkalimani inapohitajika, mtuhumiwa aketi na mtu anayemwamini, apewe chakula na kinywaji, asihojiwe akiwa mgonjwa, amelewa au amechoka. Akielezwa haki yake ya kunyamaza, aseme kwa maneno yake mwenyewe, kipengele kwa kipengele, alichoelewa. Sharti hili la mwisho nalithamini kuliko yote, kwa kuwa linamtwika polisi jukumu la kueleweka.

Mwaka 1991 Tume ya Kifalme ilitoa ripoti kuhusu vifo vya Waaborijini 99 waliofia mikononi mwa dola. Kati yao, 43 walikuwa wametenganishwa na familia zao utotoni. Tafadhali itafakarini hesabu hiyo. Mtu aliyeondolewa kwa mama yake kwa amri ya serikali atamfunguliaje moyo mshauri aliyeletwa na serikali hiyohiyo? Jibu moja liko katika jimbo la New South Wales: polisi wakimkamata Mwaborijini hutakiwa kuwapigia simu mawakili wa shirika la Waaborijini wenyewe. Wakili humpa ushauri wa kisheria, na pia humuuliza kama ameumia au anafikiria kujidhuru. Huo ndio ushauri nasaha uliofika kwa wakati.

Jimbo la Victoria nalo lilianzisha Mahakama ya Wakoori, yaani Waaborijini wa huko, mwaka 2002, kwanza mjini Shepparton. Hakimu huketi meza moja na wazee wa jamii hiyo, mshtakiwa na jamaa zake. Wazee humwonya kijana kama mtoto wao. Adhabu huamuliwa na hakimu. Naiheshimu sana mahakama hiyo, lakini ni ya waliokwisha kukiri kosa. Anayekana hana kiti pale, wala shahidi. Hao bado wanasubiri mkalimani katika chumba cha mahojiano, na hakimu atakayemzuia wakili asigeuze adabu ya shahidi kuwa ushahidi dhidi yake.