Wiki Hii Wanasoma Nini?

Mada kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili, mafunzo endelevu ya walimu kazini



Tukifungua azimio la kazi, jibu la swali hili liko wazi: sauti b, silabi ba be bi bo bu, na maneno yenye silabi hizo. Ukifika safu ya maoni unakuta "somo limeeleweka". Naomba leo tuijadili safu hiyo. Limeeleweka kwa nani?

Tuchukue kipindi chenyewe. Mwalimu anaandika silabi tano ubaoni, anashika kijiti, anagusa ya kwanza. Darasa zima linaitikia "ba!" Kufika ya tatu umekuwa wimbo, kijiti hakina kazi tena. Dawati la nyuma yuko mtoto anayeitikia kwa nguvu kuliko wote huku macho yako dirishani. Hajafanya kosa lolote. Masikio yake yanamtosha. Sasa mwalimu afute, aandike bu, bo, ba, bi, be. Sauti inashuka ghafla. Wachache wanaoendelea kutamka ndio wanaosoma.

Sisemi tuache kuimba silabi. Kuimba kunamtoa mtoto woga na kunauzoesha ulimi matamshi, hasa kwa yule ambaye nyumbani wanazungumza Kisukuma, Kiha au Kimasai, na Kiswahili anakipatia shuleni. Lakini kiitikio hakipimi. Kinachopima ni sikio la mwalimu kwa mtoto mmoja mmoja, na maandishi asiyoweza kuyakisia. "Baba" anaweza kulikisia kwa kutazama picha kitabuni. "Bebu" halina maana wala picha, akilitamka, amelisoma.

Hapo hapo kwenye b kuna mtego ambao azimio halituonyeshi. Herufi b na d zinafanana, tofauti ni upande tumbo lilipo. Mtoto akiona "baba" akasema "dada", ametaja neno halisi, na katika kelele za darasa hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo napendekeza sauti hizi mbili zisifundishwe wiki zinazofuatana; b ikae kwanza, d ije baadaye. Suala la l na r ni jingine kabisa. Anayeandika "kura" akikusudia "kula" mara nyingi haoni vibaya, bali hasikii tofauti. Huyo aanze kwa kusikiliza na kutamka, daftari lisubiri.

Kuhesabu kunanipa wasiwasi mdogo kuliko kusoma, kwa sababu jibu linaonekana. Saba jumlisha tano, vizibo vya soda viko kumi na viwili mezani au haviko, na kila anayepita anaona.

Najua mtakachosema kuhusu kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma: darasa limejaa. Ni kweli. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto wengi wameandikishwa. Kigezo ni wanafunzi 45 kwa darasa, na wengi wetu tunafundisha maradufu ya hapo. Basi tupige hesabu kwa watoto 90. Kwa siku 5 ni watoto 18 kila siku. Kila mmoja asome silabi nne na neno moja, nusu dakika inatosha. Jumla dakika tisa, wakati wenzao wanaandika. Mwalimu awe na orodha ya majina, aweke vema kwa aliyesoma na aache wazi kwa asiyesoma. Ijumaa, badala ya "somo limeeleweka", safu ya maoni itakuwa na idadi, na mwalimu atakuwa na majina.

Majina hayo yafanyiwe kazi. Jumatatu ianze na b kabla ya sauti mpya, na walioachwa wazi wasogezwe mbele, karibu na ubao. Hapa nawaomba walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule: mwalimu aliye nyuma ya azimio kwa wiki moja, lakini ana orodha kama hii mkononi, msimhesabie uzembe. Mtaala wa 2015 ulipoweka mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa haya, lengo lilikuwa mtoto asome. Anayeachwa kwenye b leo ataachwa tena kwenye mb, kwenye bw, na neno "mbwa" litamshinda kabisa, wakati azimio linaonyesha limekamilika.

Na mzazi je? Anajua sare, anajua mchango wa chakula. Sauti ya wiki ni wachache wanaoijua, kwa kuwa hatujawaambia. Tuandike juu ya ukurasa wa daftari kila Jumatatu: "Wiki hii: b". Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mjukuu wake, "Nionyeshe hiyo ya wiki hii iko wapi," kwenye gazeti la kufungia maandazi au mfuko wa unga.

Sasa twende kwenye vikundi. Kila kikundi kichukue azimio la wiki ijayo, kichague sauti iliyopangwa, kitunge maneno matatu yasiyo na maana ya kuwasomesha watoto mmoja mmoja, kisha kitazame kama sauti hiyo ina pacha wa kuikanganya.