Mwaka moja wa kuuza shauri mu Bunia

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mwenzetu kwenye mkutano mkuu wa umoja wetu. Tumeyaandika karibu sawa vile aliyasema.)



Komite iliniomba nitoe hesabu ya ile dola 300 nilikopa mu sanduku letu mwaka uliopita. Siku ile wengine mulisema: "Huyu anakopa juu ya kwenda kuuza maneno?" Muliuliza vizuri. Leo ninajibu.

Wengi munajua njia yangu. Mu 2018 tulivuka ziwa Albert na mutumbwi, toka Tchomia mpaka Sebagoro, na kisha Kyangwali. Kule kambini njo nilijifunza kushika kitabu cha hesabu, juu vikundi vya kuweka na kukopesha vilikosa mutu wa kuandika. Niliporudi Bunia sikukuwa na shamba ya kurudilia. Nilikuwa na ile kazi tu. Nikalipa chumba kidogo upande wa Nyakasanza, nikanunua meza, viti mbili, kompyuta ya kutumika na mashini ya kutosha karatasi. Dola 300 ziliishia pale.

Kazi yangu ni hii: mutu anakuja na biashara yake, ninaangalia faida iko wapi, hasara iko wapi, ninamupangia hesabu na karatasi za leta. Kwa Kifaransa wanaita konsultan. Mama watoto anaita "kukaa ku meza".

La kwanza nililojifunza: nilingojea mlango mubaya. Miezi tatu nilivaa vizuri, nikazunguka kwa mashirika makubwa na barua. Mwezi wa kwanza niliingiza dola 35, wa pili bure, wa tatu 20. Na chumba ni 40 kila mwezi. Shirika moja lilinipa kazi mwishoni; nilimaliza kwa siku 5, nikalipwa kisha miezi tatu. Wenye walinilisha ni mama wa soko, muuzaji wa mbao, kijana wa kutengeneza pikipiki. Wanalipa kidogo, lakini wanalipa siku ile ile.

La pili: hapa kwetu mutu halipi maneno. Utakaa naye masaa mbili, utamuonyesha makuta yake yanapotelea wapi, kisha atasimama: "Aksanti ndugu, Mungu akubariki." Anaenda. Baraka ni nzuri, lakini mwenye nyumba haichukui. Mu mwaka watu 31 walikuja kwangu. 19 walilipa yote, 5 walilipa nusu, 7 hawakulipa kitu. Hawa 7, kosa lilikuwa langu, juu sikusema bei mbele ya kuanza. Sasa ninasema bei mutu akingali mu mlango, na ninaomba nusu. Na haendi mikono mitupu: ninamupa kaye iliyopangwa, na karatasi moja imeandikwa mambo matatu ya kufanya mwezi huu. Kitu cha kushika mu mkono, mutu anakubali kukilipa.

La tatu: makuta ya kazi na makuta ya nyumba hayalali mu mufuko moja. Mimi mwenye kufundisha wengine, nilianguka hapo. Na hapa Bunia tuko na shida ya zaidi: dola, franga, na shilingi ya Uganda, vyote vinatembea. Nilikuwa naandika "50" mu kitabu bila kusema 50 ya nini. Kisha mwezi nilijiona tajiri, kumbe nilichanganya. Chagua feza moja ya kuandikia. Ingine ukiipokea, andika kiasi ya siku ile pembeni.

La ine: karatasi. Batu wengi wanafikiri kuandikisha biashara ni mambo ya matajiri. Inchi yetu iko mu sheria ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Ile sheria inamujua mutu mudogo pia, inamuita "antreprenan". Yeye anatoa tangazo tu kwenye rejista ya biashara, RCCM, na sheria inasema tangazo lile ni bila malipo. Kitu inamudai ni kitabu: kila siku aandike makuta yenye kuingia na yalitoka wapi, atenge ya mkono na yale ya kupita njia ingine, kama simu, aandike na matumizi yake, kisha akiweke kitabu kile miaka 5. Mwenye kuanzisha kampuni ya kweli anapita Guichet Unique. Ninajua, mukifika ku biro fulani mutasikia bei ingine. Ombeni risiti. Mara mbili niliona bei ikishuka kisha neno "risiti" kutamkwa.

La tano ni zito. Mwenyewe alinipa ruhusa niseme, bila jina lake.

Mama moja, muuzaji wa samaki ya moshi, alikuja na dola 400 zake. Alikuwa anauza hapa soko kuu, pole pole. Nilipiga hesabu: kama anapeleka mzigo mkubwa Beni, faida ni mara mbili. Hesabu ilikuwa sawa. Nikamwambia akope 200 zingine, nikaenda naye kwa mkopeshaji, nikasema: "Mimi namujua." Gari ikafika Komanda, njia ya Luna ikafungwa juu ya usalama. Siku 17 pale, na mvua. Samaki zikashika ukungu. Kwa ile dola 600 akatosha 230.

Hakunitukana. Alikaa ku kile kiti, akasema: "Uliandika vizuri, lakini njia haikusoma karatasi yako."

Bandugu, niliifunga biro siku mbili. Mimi nimekimbia barabara hizi mwenyewe, na nilipiga hesabu sawa mutu mwenye anaishi inchi ya amani. Nilienda naye kwa mkopeshaji, tukapanga alipe 20 kila mwezi. Mpaka leo hajaruka hata mwezi moja, na kazi yake ninafanya bure. Tangu pale, mbele ya kutoa shauri ninauliza swali moja: kama njia inafungwa mwezi muzima, watoto watakula nini? Kama mutu hana jibu, simwambii akope. Ninamwambia agawanye mzigo mara tatu.

La sita: siri. Mutu mwenye kukuonyesha kitabu chake amekupa maisha yake. Siku moja mtu nisiyemujua alikuja na heshima nyingi, akauliza mufanyabiashara fulani anaweka makuta ngapi nyumbani. Ku Bunia hii, munajua swali lile linaelekea wapi. Nilimujibu sikumbuki. Tangu siku ile, vitabu vya watu havilali mu biro. Na ninapokea mutu wa kila kabila. Wengine walinionya: "Utapoteza wa kwenu." Sikupoteza. Hesabu haina kabila, na wateja wananiamini juu wanaona vile ninafunga kinywa kwa wote.

Sasa hesabu yenyewe. Mu mwaka niliingiza dola 1.460. Chumba 480. Umeme, intaneti, karatasi na moto 390. Sanduku letu nimelirudishia 240. Nyumbani ilibakia 350, maana yake karibu 29 kwa mwezi. Mama watoto na maandazi yake njo alitubeba. Asiyesema hivi ni mwongo.

Deni langu lilikuwa 300 na faida ya 30. Inabakia 90, na nitaimaliza kwa miezi tatu.

Leo mutapiga kura kama sanduku liendelee kukopesha wanaoanza biashara. Mimi ni mudaiwa, kwa hiyo sitapiga kura. Lakini ninaleta ombi. Musitoe makuta yote siku moja, sawa vile mulinipa mimi. Nilimaliza yote ku meza na viti. Toeni mara tatu, na kila mara mutu aonyeshe kitabu chake kwanza. Kama hajui kuandika, aje kwangu Jumamosi asubui. Kwa wanachama, mwezi wa kwanza ni bure. Bei ya mwezi wa pili nitaisema mu mlango.