Nyutroni Moja ya Zebaki



Jioni hii nitazungumzia metali moja tu: zebaki, ile inayotawanyika sakafuni kama shanga kipimajoto kikivunjika. Kiini cha kila atomu yake kina protoni 80. Nyutroni ndizo zinazozidi na kupungua, na kwa hesabu yake tunapata isotopu mbalimbali. Saba hupatikana kwenye maumbile. Nyingine hutengenezwa maabarani, na nyingi huoza upesi. Za zebaki-177, yenye jumla ya protoni na nyutroni 177, nusu yake huwa zimekwisha kabla robo sekunde haijapita.

Kitu kisichokaa namna hiyo utakipimaje? Kwa kupitia elektroni zake. Baadhi yake hupenya ndani ya kiini chenyewe. Kiini kikiwa kipana zaidi, mvuto unaozishika hulegea kidogo, na rangi ya mwanga ambayo atomu inaipokea husogea. Rangi tunayoitafuta kwenye zebaki ni ya urujuanimno, nanomita 254. Ukiongeza nyutroni mbili, inasogea kwa sehemu chache tu katika milioni. Leza nzuri inauona msogeo huo.

Mwaka 1972, kwenye kituo cha ISOLDE katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, kundi la watafiti akiwamo Ernst Otten lilipima zebaki kwa kutumia taa, si leza. Walitarajia kiini kisinyae taratibu kadiri nyutroni zinavyopungua. Walipofika 185, wakakikuta kimevimba kuliko cha 187. Mbinu yao ilifaa isotopu za namba witiri peke yake. Kabla muongo ule haujaisha, leza zikapima 184, na kumbe hiyo imerudi kuwa ndogo! Nyutroni moja tu kati ya chembe zaidi ya 180, na kiini kizima kinabadili umbo: kutoka karibu tufe hadi kirefu kama kokwa ya tende. Nimefundisha fizikia ya kiini miaka mingi, na sijui mfano unaonishangaza kuliko huu.

Swali likabaki: kupanda na kushuka huko kunaishia wapi? Jibu lilichapishwa mwaka 2018, miaka 46 baadaye. Pale pale ISOLDE, protoni zilirushwa kwenye risasi iliyoyeyuka, mvuke wa zebaki ukatoka, na leza tatu za rangi tofauti zikaung'oa elektroni, atomu moja moja. Sumaku ikachuja uzito unaotakiwa. Mtafiti anaisogeza rangi ya leza ya kwanza hatua kwa hatua huku akihesabu chembe za alfa zinazotoka viini vinapooza. Pale hesabu inapopanda, ndipo rangi ya kiini kile ilipo. Walishuka hadi 177. Mwisho wa mtikisiko ni 181. Kuanzia 180 kwenda chini, viini vyote vinarudi karibu na tufe. Wanafizikia wa nadharia wa Japani, kwa kompyuta kuu iliyoitwa K, walionyesha sababu: protoni na nyutroni kadhaa huruka pamoja kwenda ngazi za juu na kuvutana hadi kiini kirefuke.

Viini vingi adimu bado havijapimwa hivi. Kazi hiyo inataka mikono inayojua kunyoosha miale ya leza, kutunza ombwe na kuandika programu, na CERN hupokea wanafunzi kutoka kila bara. Wanafunzi wa fizikia mliopo hapa, ombeni nafasi hizo. Mlango wa ofisi yangu uko wazi. Njooni tuandike maombi pamoja.